Ishara ya Simama

Mume wangu ni mtu wa kutii mkono. Si nyumbani, msije mkanionea wivu bure. Nyumbani taa ya jikoni ikiungua nitaimba wimbo huo wiki nzima, mwisho napanda juu ya meza mwenyewe. Nasema kazini. Ameendesha kreni karibu utu uzima wake wote, zile ndefu zinazosimama kando ya majengo yanayojengwa, na dereva wa kreni kule juu haoni kila upande wa mzigo wake. Anachotegemea ni mkono. Chini anakuwapo mpiga ishara, na huyo ndiye macho yake. Kidole kikizunguka kikielekea juu, anainua. Kikielekea chini, anashusha. Mkono ukinyooshwa mbele, kiganja kikatazama ardhi, ukafagia hewa kulia na kushoto, hiyo ni simama. Na simama haina mjadala. Hata mama wa chai akikupa ishara hiyo unasimama, maswali utauliza baadaye.

Mtaani na kazini anaitwa Kipanga, kwa sababu ya kushinda juu akitazama chini. Hakuanzia huko. Alianza kwa kubeba ndoo za zege begani, kijana mwembamba asiye na cheti chochote, mpaka dereva mmoja mzee ambaye magoti yalianza kumkatalia ngazi akamchagua yeye, eti kwa sababu ndiye pekee asiyepiga domo wakati wa kazi. Nami nilimchagua kwa sababu hiyo hiyo, nikidhani mwanamume mkimya hana matatizo. Kila asubuhi alipanda na chakula ndani ya mfuko alioufunga mgongoni, pamoja na chupa tupu ambayo kazi yake sitaieleza hapa, maana huwezi kuteremka ngazi yote ile kwa haja ndogo. Jioni alirudi shingo imekakamaa, namkanda kwa mafuta huku namsimulia ugomvi wangu na wateja. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na ugomvi haunipungukii.

Mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wa mama, ndiye aliyekuwa mpiga ishara wake. Kipanga ndiye aliyemwingiza kazini. Walikuwa mashemeji wa kupendana kupita kiasi. Mmoja bubu, mwingine mdomo haufungi, wakaelewana kwa mikono. Mafundi wenzao wakambatiza Kifaranga. Wakija kula, mdogo wangu haombi mboga kwa mdomo kama watu. Anazungusha kidole kuelekea sahani yake, shusha, shusha, na Kipanga anateremsha kijiko taratibu kwa adabu zote, utadhani kimebeba tani nzima. Mama akiwapo anawafokea kwamba chakula hakichezewi. Thubutu, wamsikie wapi. Nilikuwa nikiwatazama wawili hao na kusema moyoni kwamba Mungu hakuninyima.

Asubuhi moja fungu la nondo lilimwangukia mdogo wangu akafa pale pale, na aliyeshika mtambo alikuwa mume wangu.

Nimeisema kwa kifupi kwa sababu sina namna ndefu ya kuisema. Waliokuwapo walinieleza kwamba Kipanga alishuka ngazi ile hatua kwa hatua, kama siku yoyote anapotoka kazini, akafika chini, akauliza shemeji yuko wapi. Walikuwa wameshamfunika turubai. Akauliza tena.

Wakuu wa ujenzi walifanya uchunguzi wao. Walimhoji msimamizi, ambaye alikuwa ametazama upande mwingine. Walihoji mafundi, na kila mmoja alikuwa ameinamia shughuli yake. Walimhoji Kipanga, akawapa alichokuwa nacho kichwani: aliona kidole kinaelekea chini, shusha, halafu basi, hakuna kitu. Wakafunga shauri. Mpiga ishara aliagiza mzigo ushuke huku amesimama mahali pabaya. Uzembe wa marehemu mwenyewe. Walikuja kumwambia mama hivyo mbele ya watu, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, na mmoja wao akaongeza kwamba vijana wa siku hizi hawasikii.

Mama yangu si mtu wa kulia hovyo. Kilichomvunja si kifo peke yake, ni lile neno uzembe. Mtoto aliyemlea akimshika mkono barabarani, leo anaambiwa alikufa kwa kutojali. Kila Jumapili nilipokwenda kwake, kabla hata sijavua viatu, aliniuliza kama mkwe wake amekumbuka zaidi. Hakumchukia. Alimngoja. Alisema yule ndiye mtu pekee aliyekuwa akimtazama mwanawe saa ile, kwa hiyo yeye ndiye anayejua, na siku moja atasema. Mtaa nao haukukosa la kusema. Mteja wangu mmoja, mwanamke mzima na akili zake, alithubutu kutamka mbele ya cherehani yangu kwamba ndiyo kawaida ya dunia, kipanga hula vifaranga. Nilimrushia sketi za wanawe kabla hazijapindwa, na sijamshonea mpaka leo.

Huku kwangu, huyo anayengojwa alikuwa anakwisha. Hakupanda tena kreni. Walimpa kazi ya stoo, akawa anashinda katikati ya mifuko ya saruji. Usingizi ulimkimbia. Sahani aliisukuma. Lakini lililonitia hofu zaidi ni habari ya mikono. Hakuweza kutazama mkono wa mtu. Binti zetu wakimpungia wakienda shule, anageuza uso kama amerushiwa jiwe. Nikinyoosha kitambaa mezani ili nikate, anatoka chumbani. Siku moja tulikuwa tunavuka barabara kubwa, trafiki akanyoosha mkono kuzuia magari, kiganja chini, akaufagia hewani, na mume wangu akasimama katikati ya lami. Hakusita, alisimama. Magari yanapiga honi, mimi namvuta shati, yeye mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Trafiki alidhani amelewa, akaja juu. Nilimtukana trafiki yule matusi ambayo sikujua kama ninayo, na maskini hakuwa na kosa lolote.

Muuguzi mmoja anayeshonesha kwangu ndiye aliyenielekeza kwa mshauri wa hospitalini. Akaniambia kuna tiba ya watu walioona mabaya: unalifikiria lile jambo huku macho yako yakifuata mkono wa mshauri, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nikamwambia, dada yangu, mume wangu haumwi macho. Akasema nenda tu. Nilikwenda shingo upande, lakini mfa maji haachi kutapatapa.

Mshauri alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, viatu vya chini, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Chumba chake kilikuwa na viti vichache, meza isiyo na kitu, na pazia lililoshonwa ovyo, upindo umepanda upande mmoja, nilijizuia nisiseme. Alitueleza kwamba jambo la kutisha wakati mwingine haliendi kukaa pamoja na kumbukumbu nyingine, linabaki kama linatokea leo, na kwamba kulifikiria huku macho yanakwenda huku na huku huwasaidia wengi kulitua. Hakusema linafutika. Tena alituonya kwamba mtu anaweza kukutana na asichokitafuta. Alisema hivyo wazi, nami nilisikia, siwezi kumsingizia.

Hakuanza na mkono. Kwanza alimfundisha kupumua, kisha akamtaka achague mahali moyoni mwake anapojisikia salama, pa kukimbilia mambo yakimzidi. Kipanga akasema ni kule juu, kwenye kibanda cha kreni. Mshauri akamwomba atafute pengine. Mume wangu akafikiri mpaka nikadhani amesinzia. Mwishowe akasema anaweza kutumia sauti ya cherehani ya mke wake, akiisikia kutoka chumba cha pili. Nilikuwa nimekaa kwenye kona, maana aliomba nisimwache peke yake, na hapo nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Siku ya mkono ilipofika, mshauri alikaa mbele yake, akamwambia aiwaze picha ya asubuhi ile, asigeuze kichwa, afuate kwa macho tu. Akanyoosha mkono, akaupitisha kulia, akaurudisha kushoto. Macho ya Kipanga yakaganda. Mkono wake wa kulia, uliokuwa umelala juu ya kiti, ukavuta kitu kisichokuwapo ukakishikilia. Mshauri akashusha mkono, akangoja, akajaribu tena. Ikawa vile vile. Akamuuliza kwa upole kwa nini hafuati.

"Si umeniambia nisimame?" akasema mume wangu.

Hakuwa anabisha. Ukimwambia dereva wa kreni afuate mkono, anaufuata kwa namna anayoijua, na mkono ule ulimwambia simama. Mshauri hakuchukia wala hakuona haya. Alimwomba amfundishe ishara zote, moja baada ya nyingine, akazifanya naye, halafu akaacha habari ya mkono kabisa. Kuanzia hapo akawa anamgonga magotini kwa vidole, goti hili, goti lile, akasema kazi ni ile ile.

Na ilifanya kazi, jamani. Mimi niliyekuwa nikiguna kwenye kona niliona kwa macho yangu. Haikuwa kwa siku moja wala mbili, na kulikuwa na majuma aliyorudi nyumbani ametapika njiani. Lakini alianza kulala. Alianza kula, na siku moja akaomba nyongeza mpaka binti mdogo akaacha kutafuna akamtazama. Picha ya lile turubai, ambayo zamani ilimvamia akioga, akifunga viatu, sasa alisema ipo lakini haimkabi koo. Mshauri akaona hanihitaji tena mle ndani, nikahamia kwenye benchi la korido na sketi zangu za kufumua.

Nilikuwa nataka vitu viwili na nikidhani ni kimoja: mume wangu apone, na mama yangu ajue. La kwanza lilikuwa linakuja kwa miguu yake. La pili lilikwama pale pale, kidole kinaelekea chini, halafu kiza. Mshauri alitaka waishie hapo. Alimwambia mtu anaweza kupona bila kukumbuka kila kitu. Kipanga ndiye aliyekataa. Alikuwa amechoka kuniona narudi kwa mama Jumapili nimenuna, na mimi, nisijitakase, sikuficha ununaji wangu. Akamwambia mshauri, nirudishie mkono. Mshauri alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akamrudishia.

Alitoka siku hiyo uso umetulia kabisa. Nikamshukuru Mungu pale pale kwenye korido, kwa sauti.

Aliniambia nyumbani, mchana, watoto wako shule, mimi nimeshakaa kwenye cherehani. Aliniomba niache kukanyaga pedali. Akanieleza kwamba palikuwa na mchezo baina yake na shemeji yake, mchezo ambao mimi sikuwahi kuusikia. Msimamizi akigeuza mgongo, mdogo wangu huko chini anatoa ishara ya simama, uso mkavu, kama kazi kweli. Kipanga anasimamisha mtambo. Basi yule anatingisha kiuno kwa raha kwamba amempata. Ikawa hivyo siku nyingi, mpaka Kipanga akajifunza kumsoma. Mgongo wa msimamizi ukigeuka na mkono ukafagia, yeye hasimami, anaendelea zake, na hapo aliyeshinda ni yeye. Watu wazima wawili, wameoga, wamekula, wana akili timamu, wanachezea ishara moja ambayo hata mama wa chai anaiheshimu.

Siku ile msimamizi aligeuka. Mdogo wangu alikuwa anaelekeza nondo zishuke, kidole kinazunguka. Mnyororo wa upande wake ukaanza kuteleza, akauona yeye kwanza. Akanyoosha mkono, kiganja chini, akafagia. Kipanga aliiona ishara hiyo wazi kama alivyokuwa ananiona mimi. Akajisemea, leo hunipati. Akaendelea kushusha. Fungu likagusa jukwaa la mbao, likainama, nondo zikachomoka.

"Nilikuwa nacheka," akaniambia. "Zilipochomoka, nilikuwa bado nacheka."

Nilikanyaga pedali, nikashona mshono ule mpaka ukatoka nje ya kitambaa. Nilimchukia, nasema wazi. Nilimchukia mume wangu, halafu nikamchukia mdogo wangu kwa upuuzi wake, halafu nikajichukia kwa kumchukia marehemu. Kisha akili ya nyumba ikanirudia. Nikamwambia kwa mama atasema kwamba mtoto alitoa ishara ya simama, naye akachelewa kuiona. Koma hapo. Inatosha, na jina la mdogo wangu litasafika. Akasema hawezi. Nusu ya jambo ndiyo iliyomla siku zote hizi, na hana nguvu ya kuanza tena na nusu nyingine. Tulibishana mpaka watoto wakarudi, naye hakuwahi kubishana na mimi muda mrefu hivyo tangu tuoane.

Jumapili tukaenda wote wawili. Mama alimkalisha kwenye kiti kizuri, akamletea maji kwa mkono wake mwenyewe. Kipanga hakuyagusa. Alianza na mnyororo, kisha mkono. Mama akamwomba arudie hapo.

"Kwa hiyo mwanangu alisimamisha," akasema.

"Alisimamisha, mama. Alifanya kama inavyotakiwa."

Mama akafumba macho, machozi yakatoka chini ya kope bila sauti. Akasema, mmesikia? Uzembe haukuwa wake. Akamshika Kipanga mkono, akamwambia kuchelewa ni kwa binadamu, yeye ni mwanawe kama alivyokuwa. Mzigo ulinishuka mabegani, Mungu ananiona. Nilimkazia mume wangu jicho la kumwomba akome hapo, mzee mwenzangu, koma hapo hapo, tumefika. Akaniona. Akaendelea. Akausema mchezo wote, akasema ishara aliiona, na akasema alikuwa anacheka.

Mama hakuutoa mkono wake. Nilipokuwa naanza kutumaini, akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Na yeye? Naye alikuwa anacheka?"

Sote mle ndani tulijua ni jibu gani analoliomba. Neno moja tu, na mama angebaki na mtoto aliyekufa kwenye mchezo, na furaha usoni. Mimi ningelisema bila kupepesa. Kwa hiari yangu ningelisema, na ningekwenda kanisani nimevaa vizuri. Lakini Kipanga alikuwa ameomba kurudishiwa kuona, na alikuwa ameona kila kitu, mpaka sura.

"Hapana, mama," akasema. "Alikuwa ananitazama. Alijua nimemwona."

Mama akautoa mkono wake taratibu, akainuka, akaingia chumbani akafunga mlango. Kipanga alikaa kidogo, kisha akauaga ule mlango kwa heshima, mama kwa heri, akatoka. Alinisubiri getini. Nilimwona dirishani akinisubiri. Sikutoka.

Sasa naishi kwa mama, mimi na binti zangu na cherehani. Mama haulizi tena lolote siku ya Jumapili. Kipanga huja kuwaona watoto, wanakaa nje kwenye ngazi, kwa sababu akiwapo mama hafungui mlango wake. Amenawiri. Analala usiku kucha, watoto wananiambia, na wakimpungia naye huwapungia. Kreni hakurudia, siku hizi anafundisha wapiga ishara wapya, na nasikia hana mzaha hata chembe. Wateja wenye wagonjwa wao huinama kwenye meza yangu wakaninong'oneza kama ile tiba ya kufuata mkono inafanya kazi kweli. Nawaambia ndiyo, inafanya kazi, nendeni, na nawaelekeza mpaka chumba chenyewe. Mshauri alinipigia simu mwenyewe akasema nafasi yangu ipo wakati wowote nitakapokuwa tayari. Nikamshukuru. Sijaenda. Naogopa nikipona nitamsamehe, na mama atabaki peke yake.